Psycho (1960): maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mtu ambaye bado hajaiona Psycho ya Alfred Hitchcock: ni filamu ya namna gani, atafute nakala ipi, aiandae vipi televisheni. Ya pili inamwaga mtama penye kuku wengi. Kama hujui nani anauawa na nani anaua, soma ya kwanza, katazame filamu, kisha urudi.

SEHEMU YA KWANZA: KWA AMBAYE HAJAITAZAMA

Inahusu nini?

Marion Crane ni karani katika ofisi ya uuzaji wa nyumba mjini Phoenix, jimbo la Arizona. Ijumaa mchana anakabidhiwa dola 40,000 taslimu azipeleke benki. Hazipeleki. Anafunga virago, anaingia kwenye gari na kuelekea California kwa mpenzi wake, Sam Loomis, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na madeni yasiyoisha. Siku ya pili usiku mvua inamzidi, anaiacha barabara kuu bila kujua, na anatokea kwenye moteli ya vyumba kumi na viwili visivyo na mgeni hata mmoja. Anayeiendesha ni kijana mpole, Norman Bates. Hapo tunakomea.

Mswada uliandikwa na Joseph Stefano kutokana na riwaya ya Robert Bloch iliyotoka 1959. Anthony Perkins ni Norman, Janet Leigh ni Marion, Vera Miles ni Lila, dada yake Marion, John Gavin ni Sam, na Martin Balsam ni mpelelezi wa kukodiwa, Arbogast. Filamu ina urefu wa dakika 109.

Inatisha kweli, au ni ya kizamani tu?

Anayetafuta damu ya kumwagika kila dakika tano atachoka mapema. Kuna mauaji mawili tu yanayoonekana, na nusu saa ya kwanza haina hata kofi. Kinachokubana ni kitu kingine: unakaa ndani ya kichwa cha mtu mwenye hatia, unasikia anachohofia, unamwona polisi mwenye miwani myeusi akimfuata, na unajikuta unamwombea mwizi asikamatwe. Hofu hiyo haijazeeka.

Kuhusu watoto: Marekani imewekwa daraja la R tangu 1984, yaani aliye chini ya miaka 17 aende na mtu mzima, na Uingereza ilipewa X, ya wakubwa tu, ilipotoka, leo ni 15, yaani kuanzia miaka 15. Tunakubaliana na hao wa pili. Picha za tukio la bafuni zinaweza kumkaa mtoto kichwani kwa miaka, hata kama kinachoonekana waziwazi ni kidogo mno.

Kwa nini nyeusi na nyeupe, ilhali rangi zilikuwepo?

Sababu ya kwanza ni fedha. Kampuni ya Paramount haikukipenda kitabu na haikutaka kutoa bajeti aliyoizoea Hitchcock. Filamu yake iliyotangulia, North by Northwest, ilikuwa ya rangi na iligharimu zaidi ya dola milioni 3. Hii aliitengeneza kwa takriban dola 807,000. Aliacha malipo yake ya kawaida ya dola 250,000 akachukua badala yake asilimia 60 ya umiliki wa filamu, akahamia kwenye studio za Universal, na akatumia watu waliokuwa wakimtengenezea kipindi chake cha televisheni, akiwemo mpigapicha mkuu John L. Russell. Watu hao walizoea kufanya kazi haraka, kwa taa chache, na kwa filamu nyeusi na nyeupe. Kazi ilianza Novemba 1959 ikakamilika mwanzoni mwa Februari 1960.

Sababu ya pili ni damu. Hitchcock mwenyewe alieleza kwamba damu nyekundu ikitiririka kwenye beseni jeupe ingekuwa kinyaa, na wakaguzi wasingeipitisha. Ikiwa ya kijivu, unaitazama.

Ya tatu inasahaulika mara nyingi: mwaka 1955 Mfaransa Henri-Georges Clouzot alitoa Les Diaboliques, filamu ya mashaka ya nyeusi na nyeupe ambayo nayo ina bafu lisilosahaulika, na ikafanya vizuri sokoni. Hitchcock aliona kwamba uhondo wa namna hiyo hauhitaji rangi wala fedha nyingi.

Ukikutana na Psycho ya rangi yenye jina la Vince Vaughn na Anne Heche, hiyo ni ya Gus Van Sant ya mwaka 1998. Usianze na hiyo.

Nitafute nakala ipi?

Tafuta iliyotoka 2020 au baada ya hapo, yenye maelezo kwamba ni toleo kamili lisilokatwa. Kwa miongo mingi nakala za Marekani zilikosa vipande vya sekunde chache ambavyo vilibaki katika nakala zilizoonyeshwa Ujerumani. Vipande ni vitatu: Marion akivua sidiria akiwa anachunguliwa tunduni, mikono ya Norman yenye damu kabla hajainawa, na uchomaji wa kisu chini ya ngazi, ambao katika toleo kamili una mapigo zaidi. Hadithi haibadiliki, lakini tukio la ngazi linapoteza nguvu sana likikatwa.

Kwa wanaonunua diski: DVD za Afrika Mashariki ni za kanda (eneo la mauzo duniani) namba 5, za Oman na nchi za Ghuba ni kanda 2, na za Marekani ni kanda 1, deki iliyofungwa kwa kanda moja itazikataa nyingine. Blu-ray za Afrika, Ghuba na Ulaya zote ni kanda B. Diski za 4K hazina kufuli la kanda, hivyo yoyote itacheza mradi deki ni ya 4K.

DVD yangu inaonyesha dakika 104 au 105, siyo 109. Nimeibiwa?

Hapana. Ni DVD ya mfumo wa PAL. Filamu ya sinema hupita picha 24 kwa sekunde, PAL hupitisha 25, kwa hiyo kila kitu kinakwenda asilimia 4 haraka na dakika nne na ushee zinapungua bila kukatwa chochote. Hasara yake iko masikioni: sauti hupanda karibu nusu toni, na fidla ambazo tayari ni kali zinazidi kuwa kali. Blu-ray na 4K hazina tatizo hilo.

Picha inajaza televisheni ya zamani ya mraba. Ndivyo inavyotakiwa?

Sivyo. Ilikusudiwa ionyeshwe kwa upana wa 1.85 kwa 1, yaani karibu sawa na televisheni za kisasa. Nakala za zamani za televisheni zimefunguliwa juu na chini, hivyo unaona dari na sakafu ambazo mwongozaji alipanga zizibwe. Kibaya zaidi ni ile nakala ya mraba ambayo televisheni imeivuta ijaze skrini. Hapo Perkins, aliyekuwa mwembamba kama mwanzi, ananenepa. Weka upana wa picha kwenye chaguo la asili, siyo la kujaza.

Niiandae vipi televisheni?

Zima kwanza ile huduma ya kulainisha mwendo, ambayo kila kampuni huipa jina lake. Ikiwashwa, filamu hii inaonekana kama tamthilia ya mchana, na mikato ya haraka ya bafuni inageuka uji.

Pili, ondoka kwenye hali ya picha kali ya dukani, ingia kwenye hali ya sinema. Ukiona weupe una kijani au waridi, shusha kiwango cha rangi hadi sifuri. Filamu hii haina rangi ya kupoteza.

Tatu, pima mwangaza kwa tukio la usiku kwenye kinamasi, takriban saa moja tangu mwanzo. Unatakiwa uone weupe wa paa la gari, uso wa Norman na umbo la miti nyuma yake kama vitu vitatu tofauti. Kila kitu kikiwa kijivu, punguza mwangaza. Miti ikimezwa kabisa, ongeza kidogo.

Sauti: ilirekodiwa kwa njia moja. Diski nyingi zina pia sauti iliyopanuliwa kwa spika nyingi, lakini chagua ya awali kama ipo. Spika ya simu haitoshi hata kidogo, kwa sababu selo na besi zinapotea na unabaki na kelele za juu tu. Bora visikizi vya bei ndogo kuliko hiyo.

Vipi kuitazama ikiwa na msimulizi wa Kiswahili?

Usimulizi wa kibanda umiza ni sanaa, na kwa filamu za ngumi hauna mpinzani. Kwa hii haufai. Baada ya tukio la bafuni kuna takriban dakika kumi ambazo karibu hakuna anayesema neno: maji, ndoo, hatua, mlango wa gari. Ukimya huo ndio unaokuhamisha kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na msimulizi hana budi kuujaza. Tumia maandishi ya chini, hata kama Kiingereza unakijua, maana Perkins anamung'unya na kukwama maneno makusudi, na mengi ya maana yapo katika kukwama huko.

Tunataka kuionyesha kwa kundi. Tufanyeje?

Anzeni na ruhusa. Filamu bado ina hakimiliki; kwa sheria ya Marekani itakuwa huru baada ya 2055. Kununua diski hakukupi haki ya kuonyesha hadharani, hata bila kiingilio. Waombeni wenye haki, Universal.

Kisha: funikeni madirisha, maana kijivu cha filamu hii hakishindani na mwanga wa jua. Utangulizi usizidi dakika tano na usitaje tukio la bafuni; anayejua anajua. Msiweke mapumziko. Wengi hukata katikati, yaani karibu na dakika ya 54, na hapo ndipo pabaya kuliko popote. Kama umeme hauaminiki, washeni jenereta kabla ya kuanza, siyo ukikatika. Na fungeni mlango.

Kwa nini kila mtu anasisitiza nisichelewe mwanzo?

Ni sharti la tangu siku ya kwanza. Ilipofunguliwa New York tarehe 16 Juni 1960, katika kumbi za DeMille na Baronet, hakuna aliyeruhusiwa kuingia baada ya filamu kuanza. Zama hizo watu waliingia ukumbini muda wowote, wakatazama hadi sehemu waliyoikuta, wakaondoka. Hitchcock aliweka sanamu zake za kadi mlangoni akionyesha saa, na wenye kumbi wakapewa maelekezo ya kuwapanga watu foleni. Ilikuwa mbinu ya biashara, lakini ilikuwa na sababu halisi, na sababu hiyo iko swali linalofuata.

SEHEMU YA PILI: KUANZIA HAPA TUNAFICHUA

Kwa nini stelingi anauawa hata nusu ya filamu haijafika?

Kila mtoto aliyekulia kwenye mabanda ya video anaijua kanuni: stelingi hafi. Wamarekani wa 1960 nao waliijua, hawakuwa na jina zuri kama letu tu. Janet Leigh ndiye aliyekuwa nyota mkubwa, sura yake imejaa kwenye mabango, na tumekaa naye dakika 47 bila kumwacha. Aliyechelewa kuingia angebaki anamsubiri Janet Leigh hadi taa ziwashwe.

Hili halimo kitabuni kwa namna hiyo. Riwaya ya Bloch inaanza na Norman, mwanamume wa makamo, mnene, mlevi. Mwanamke, anayeitwa Mary, anaingia na kuuawa mapema. Stefano aligeuza: anza na mwanamke, mpe mpenzi, mpe tatizo, mpe hata toba. Dakika chache kabla ya kufa Marion ameshaamua kurudi Phoenix kurejesha fedha. Na Hitchcock akambadilisha Norman kuwa kijana mwembamba wa kuhurumiwa.

Sasa angalia ujanja unapokamilika. Norman anaisukuma gari ya Marion kwenye kinamasi, maiti na dola zikiwa ndani. Inazama, inazama, kisha inasimama, paa likiwa bado nje. Norman anaacha kutafuna na kuangaza huku na huko. Na wewe mtazamaji, uliyekuwa upande wa marehemu robo saa iliyopita, unashika pumzi ukitaka gari izame. Ikizama unashusha pumzi. Ukiulizwa filamu hii ina kipaji gani, taja hapo kabla ya bafuni.

Tukio la bafuni lilipigwaje?

Lilichukua siku saba, Desemba 17 hadi 23, 1959, kwa ajili ya takriban sekunde 45 za mashambulizi. Hesabu zinazotajwa siku zote ni mipangilio 78 ya kamera na mikato 52. Bafu lilijengwa studio likiwa na kuta zinazong'oleka, ili kamera ikae upande wowote. Saul Bass, aliyechora majina ya mwanzo, alichora pia tukio zima picha kwa picha kabla ya kupigwa.

Picha ya bomba la shawa likitazamwa kutoka chini iliwasumbua, maana maji yangeilowesha lenzi. Wakaziba matundu ya katikati, wakarudisha kamera nyuma na kutumia lenzi ndefu. Maji ya pembeni yakapita kando ya kamera huku yakionekana yanaijia.

Damu ni sharubati ya chokoleti. Katika nyeusi na nyeupe huonekana nzito kuliko damu ya maigizo. Sauti ya kisu kuingia ni kisu kikichoma tikiti la aina ya kasaba. Wafanyakazi wa sauti walijaribu aina kadhaa, Hitchcock akasikiliza amefumba macho, akachagua.

Jicho la mwisho nalo lina kisa. Filamu ilikuwa karibu kutolewa pale Alma Reville, mke wa Hitchcock na mhariri wa siku nyingi, aliposema Marion ameonekana akivuta pumzi baada ya kufa. Ikabidi sehemu hiyo ifunikwe kwa mkato wa kwenda kwenye bomba la shawa. Ndiyo sababu kamera inaondoka usoni, inakwenda bombani, kisha inarudi.

Kisu kinagusa mwili au hakigusi?

Tazama mwenyewe. Fungua filamu kwenye kompyuta kwa programu ya VLC, nenda karibu na dakika ya 47, simamisha, kisha bonyeza herufi E. Kila mbonyezo unasogeza fremu moja. Katika mikato karibu yote kisu na mwili haviko picha moja, au kisu kinapita mbele. Utakuta picha fupi sana ya tumbo ambapo ncha inagusa ngozi. Hiyo ilipigwa kinyume: kisu kilianzia kwenye ngozi kikavutwa nje, kisha filamu ikageuzwa. Kidonda kinachofunguka hakipo popote. Watu huapa wamekiona, wengine huapa waliona damu nyekundu.

Ni Perkins aliyeshika kisu? Ni Leigh kweli aliye uchi?

Perkins hakuwepo. Alikuwa New York akijiandaa na mchezo wa jukwaani. Kivuli nyuma ya pazia ni Margo Epper, mwanamke wa sarakasi za filamu, akiwa amepakwa rangi nyeusi usoni ili mwanga wa nyuma usifichue sura yake. Uso, mabega na mikono ni ya Leigh. Sehemu za mwili ambazo hazionyeshi uso ni za Marli Renfro, aliyekodiwa kama mbadala.

Ni kweli maji yalikuwa baridi ndiyo maana mayowe yakawa ya kweli?

Uzushi. Leigh mwenyewe alikanusha. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Uzushi mwingine ni kwamba Saul Bass ndiye aliyeongoza tukio. Bass alidai hivyo, lakini Leigh na msaidizi wa mwongozaji, Hilton Green, walisema Hitchcock alikuwepo kwa kila picha.

Nini kinaufanya muziki ule uchome hivyo?

Mtunzi wa muziki, Bernard Herrmann, alitumia ala za nyuzi peke yake: fidla, viola, selo na besi. Hakuna ngoma, hakuna tarumbeta. Alisema alitaka sauti nyeusi na nyeupe kwa picha nyeusi na nyeupe, na bajeti nayo haikuruhusu okestra kubwa. Sehemu zote isipokuwa bafuni wapigaji wamefunga vizibo juu ya nyuzi, sauti inakuwa ya kubanwa, kama mtu anayesema kwa meno. Mauaji yanapoanza vizibo vinatolewa. Fidla zinapiga nota ileile ya juu kwa mkwaruzo, halafu zinaingia za chini yake zikigongana nayo, hadi besi. Sikio lako limezoea sauti iliyozibwa kwa dakika 47, ndipo inafunguliwa ghafla.

Hitchcock alikuwa ameagiza bafuni pasiwe na muziki kabisa. Herrmann akauandika hata hivyo, akamchezea, mzee akabadili mawazo na kumwongezea malipo maradufu. Hata kuteuliwa kuwania Oscar hakuteuliwa, jambo ambalo mpaka leo halina utetezi.

Arbogast anaangukaje ngazi kinyumenyume?

Haanguki. Kamera ilishushwa ngazini peke yake kwanza. Kisha Balsam akakaa kwenye kiti mbele ya skrini iliyorushiwa picha hiyo, akapunga mikono. Ndiyo maana anaonekana anaelea. Wengine huona ni udhaifu, sisi tunaona inafanana na ndoto mbaya na inafaa.

Kabla ya hapo kamera imepanda hadi darini. Kazi yake ni mbili: kuuficha uso wa mama bila mtazamaji kuhisi anafichwa kitu, na kufanya mkato wa kwenda kwenye uso mkubwa wa Arbogast ukupige kwa ghafla. Siku moja Hitchcock alikuwa mgonjwa, na Green akapiga vipande vya kupanda ngazi kwa michoro ya Bass: mkono kwenye nguzo, miguu ikipanda. Hitchcock alipoviona akavitupa. Picha za vipande vya mwili zilimfanya mpelelezi aonekane ndiye mwovu, wakati alitakiwa aonekane mtu wa kawaida anayepanda ngazi.

Sauti ya mama ni ya nani?

Ya watu watatu: Virginia Gregg, Jeanette Nolan na Paul Jasmin, ambaye ni mwanamume. Zilichanganywa na kuunganishwa, mara nyingine ndani ya mazungumzo mamoja. Ndiyo maana ukisikiliza kwa makini huwezi kumweka mama huyo katika umri wala koo moja. Maneno ya mwisho kabisa, mahabusu, ni ya Gregg.

Nikiitazama mara ya pili nifuatilie nini?

Anza na funguo. Norman anamuuliza Marion anakotoka. Marion anasita, anatupia jicho gazeti kwenye mkoba, anasema Los Angeles. Wakati anasita, mkono wa Norman uko kwenye ufunguo wa chumba namba 3. Baada ya jibu unahama hadi namba 1, chumba kilichopakana na ofisi, chenye tundu nyuma ya picha ukutani. Mara ya kwanza huoni chochote hapo.

Fuatilia pia jina. Kwenye daftari anaandika Marie Samuels. Baada ya maongezi sebuleni anajisahau, anataja Phoenix na jina Crane. Akitoka, Norman anafungua daftari na kutabasamu kidogo.

Nguo: sidiria na mkoba ni vyeupe kabla ya wizi, vyeusi baada yake. Picha inayoziba tundu inamwonyesha Susana wa Biblia akichunguliwa na wazee. Choo: Marion anapiga hesabu, 40,000 kutoa 700 alizonunulia gari, anachana karatasi na kuvuta maji. Watu huandika kwamba ni choo cha kwanza kuvutwa katika filamu kubwa ya Marekani, lakini kazi yake ni ya hadithi. Kipande kimoja hakikwenda na maji, na Lila anakikuta.

Hitchcock mwenyewe anaonekana karibu na dakika ya 7, nje ya dirisha la ofisi, amevaa kofia pana. Na maandishi ya tarehe mwanzoni, Desemba 11, yaliwekwa kwa sababu picha zilizopigwa mitaani Phoenix zilionyesha mapambo ya Krismasi. Hakuna fumbo.

Yule daktari wa mwisho ni lazima?

Ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na lina haki yake. Baada ya filamu iliyoamini macho, daktari anasimama na kuhutubia dakika kadhaa. Watazamaji wengi wa 1960, hata hivyo, hawakuwa wamezoea habari ya mtu mwenye nafsi mbili. Wengi wangetoka wakiuliza mama ni nani. Simon Oakland anaicheza kama wakili mwenye majivuno, na inasaidia kuipokea hivyo, kama maelezo ya mtu mmoja. Kwa sababu mara tu baada yake tunaingia chumba cheupe, Norman amejifunika blanketi, nzi mkononi, na sauti ya mama inayakanusha yote kwa upole. Zuia kidole chako kwenye rimoti hadi mwisho kabisa: kabla ya gari kuvutwa kwa mnyororo kutoka kinamasini, fuvu la mama linapita juu ya uso wa Norman kwa kitambo kidogo sana.

Ni kisa cha kweli?

Cheche yake ni ya kweli, hadithi siyo. Novemba 1957 Ed Gein alikamatwa Plainfield, jimbo la Wisconsin, kwa mauaji ya wanawake wawili na kufukua makaburi. Alikuwa ametawaliwa na mama yake hata baada ya mama kufa. Bloch aliishi mji wa jirani, Weyauwega. Alichochukua ni wazo kwamba jirani mpole anaweza kuwa na jambo kama hilo bila kijiji kujua. Gein hakuwa na moteli, na mauaji ya bafuni ni ya kubuni.

Ilipata tuzo? Ililipa?

Iliteuliwa Oscar nne: mwongozaji, mwigizaji msaidizi wa kike kwa Leigh, upigaji picha na mandhari. Haikushinda hata moja. Leigh alipata Golden Globe. Perkins, ambaye malipo yake yalikuwa dola 40,000, sawasawa na fedha za Marion, hakuteuliwa. Mwaka 1992 iliingizwa kwenye hazina ya filamu za taifa ya Marekani.

Kifedha iliirudisha gharama yake mara nyingi, na ile asilimia 60 ikamtajirisha Hitchcock kuliko kazi yoyote aliyoifanya kabla. Baadaye alibadilishana haki zake na hisa za MCA, kampuni mama ya Universal.

Nyumba ile ipo?

Ipo, katika eneo la studio za Universal karibu na Los Angeles, na watalii hupitishwa kwa gari. Haijakaa pale ilipokuwa 1960. Imehamishwa na kukarabatiwa. Mwonekano wake unatokana kwa sehemu na mchoro wa Edward Hopper wa 1925 wa nyumba kando ya reli.

Mwendelezo wake unafaa?

Psycho II ya 1983 ni nzuri kuliko inavyosemwa, na Perkins yumo. Ya tatu, 1986, aliiongoza mwenyewe. Ya nne, 1990, ilikuwa ya televisheni na unaweza kuiruka. Tamthilia ya Bates Motel, 2013 hadi 2017, ina misimu mitano na inasimama kwa miguu yake. Toleo la Van Sant la 1998 linaiga ya kwanza karibu picha kwa picha, kwa rangi. Litazame ukishaifahamu ya asili vizuri, kwa kulinganisha tukio moja moja. Kama una usiku mmoja tu wa kuongeza, utumie kwa Les Diaboliques, tena kabla mtu hajakwambia mwisho wake.